Ndiyo Niliyomjibu Kapteni

Ile siku ya kifuniko cha oili naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, Mwanangu, na mke wangu anajua hivyo, ameshazoea. Naiandika sasa kwa sababu mmekuwa mkija hapa kwangu Muthara mmoja baada ya mwingine kila redio ikitangaza kwamba jeshi linaandikisha vijana. Mnakuja na vyeti ndani ya bahasha. Mnasifu ng'ombe wangu, mnakunywa chai yangu, halafu mnasema, mzee, wewe unamjua Brigedia, mpigie tu simu. Ni kweli namjua. Namjua tangu akiwa kapteni mwembamba ambaye kofia ilimkalia kama sufuria. Lakini hamjui ninavyomjua.

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la tano na sioni haya kulisema. Injini nilijifunzia kwenye mashine ya kusaga mahindi pale Mikinduri, kwa kuchomwa na kupigwa na mkanda. Jeshi nalo halikunichukua kwa vyeti. Lilinichukua kwa sababu nilikimbia vizuri na meno yangu yalikuwa mazima. Wakanitupa kwenye helikopta, nioshe, nijaze mafuta, niongeze oili. Baada ya miaka minne nilikuwa naweza kusikia injini inaumwa wapi kabla fundi mwenye diploma hajafungua kitabu chake. Leo nina mashine mbili za kusaga, natengeneza pampu za maji za Tigania nzima, nimesomesha watoto wanne, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Nasema hivyo ili ujue kwamba anayekuambia maneno haya si mtu wa kujidharau. Pamoja na hayo yote, kuna siku nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulimgharimu mtu mwingine.

Mtu huyo ni Ireri. Alizaliwa upande wa chini wa Embu, kule kwenye joto na ndengu, nyumba ya wafuga mbuzi. Alisoma mpaka akamaliza, akapelekwa ng'ambo kujifunza kurusha ndege, akarudi na Kiingereza kilichokuwa kimeingia mpaka kwenye ndoto zake. Hakuwa na kelele. Wakati marubani wengine wanapiga hadithi, yeye alikuwa anazunguka helikopta yake akiigusagusa kama mtu anayekagua fahali sokoni kabla ya kutoa pesa. Nilimpenda kwa hilo. Na tulitaniana, maana kwao Embu wanalima na kutafuna muguka, na sisi Wameru miraa. Aliniambia miraa yetu ni kuni za kuchemshia muguka. Nikamwambia muguka ni majani ya mbuzi, na ndiyo maana kwao mtu na mbuzi wanakula kwenye kichaka kimoja. Kapteni na askari wa chini hawataniani hivyo. Yeye aliruhusu, ila tukishafika kwenye ndege utani uliisha.

Mwaka huo wa kifuniko mvua ilibomoa madaraja ya kule chini, na vijiji vingi vikakatika. Tukapiga kambi kwenye kiwanja kimoja karibu na mji wa Embu: helikopta moja, marubani wawili, sajenti aliyekuwa fundi mkuu, mimi na wengine wachache. Kazi ilikuwa kupeleka unga na dawa. Rubani wa pili alikuwa luteni kijana, mcheshi, mkali wa ulimi.

Sasa, kuna ishara moja lazima uielewe. Helikopta ikiwa imewashwa, kelele yake haikuruhusu kusema kitu. Ukiona hatari unainua mikono juu ya kichwa na kuikutanisha kama msalaba. Rubani akiona hivyo anazima, hata awe jenerali. Na mwenye haki ya kuitoa ishara hiyo ni mtu yeyote, hata mpishi. Wiki moja kabla ya siku ninayokuambia, niliitoa. Niliona moshi nyuma ya injini, nikapiga msalaba, luteni akazima. Kumbe ni mvuke wa umande tu. Luteni alishuka akanizunguka kama anatafuta kitu, akaniuliza mbele ya watu wote, "Zimamoto, maji yako umeyaacha wapi?" Basi jina likanishika. Nikipita na ndoo, Zimamoto. Nikienda chooni, Zimamoto anawahi moto. Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa naungua. Mtu ambaye hakusoma huchekwa mara mbili, mara moja kwa kosa na mara ya pili kwa darasa la tano lake.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Sajenti alifungua kifuniko cha tangi la oili, akakuta mpira wake wa kuzuia oili isivuje umepasuka. Akaniambia nisikifunge, anaenda kuchukua mpira mpya kwenye lori, na lori lilikuwa mwisho wa kiwanja. Nikakiegesha kile kifuniko mahali pake ili vumbi lisiingie, bila kukizungusha kikashika. Kijimlango kinachokifunika nikakisukuma tu. Mara nikamwona Kapteni Ireri anakuja nusu anakimbia, na nyuma yake muuguzi mmoja amekumbatia sanduku la dawa. Habari ilikuwa imefika kwamba watoto wa shule moja kule chini wanatapika na kuhara, na maji ya dripu ya kuwatundikia yamekwisha.

Kapteni alikitazama kile kijimlango. Hakuinama. Aliniuliza, "Kifuniko bado hakijafungwa?"

Nikamjibu, "Ndiyo, afande."

Sikiliza vizuri hapo. Kwa Kiswahili, na kwa Kimeru chetu, mtu akikuuliza hujala, nawe hujala, unajibu ndiyo. Maana yake, kama ulivyosema, sijala. Kiingereza kinageuza. Ukiwajibu ndiyo wanaelewa umekula. Na huyu mtu alikuwa amefundishwa kazi yake yote kwa Kiingereza, tangu kuwasha mpaka kuzima. Sikio lake la nyumbani lilijua ndiyo ni nini. Sikio lake la kazi lilisikia kwamba kifuniko kimefungwa. Akaitikia kwa kichwa, akampandisha muuguzi, akapanda.

Mpaka hapo, Mwanangu, sikuwa na kosa. Nilidhani anakwenda kukaa humo azungumze na redio mpaka sajenti arudi. Kosa langu linaanza injini ilipolia. Kutoka kuwaka mpaka kupaa kuna nafasi. Ni muda wa kunywa kikombe cha chai, kama si ya moto sana. Mapanga ya helikopta yakaanza kuzunguka polepole, halafu upesi. Nilielewa. Nataka uliandike hilo moyoni, kwamba nilielewa wakati huo huo, si baadaye. Nilijua hakunisikia nilivyosema. Mikono yangu ikapanda mpaka kifuani. Nikamwona luteni amesimama mlangoni mwa hema, mdomo wake umeshaanza kutabasamu. Nikajiambia kapteni ni mtu wa shule, hawezi kuondoka hivi hivi, lazima ana jambo analojua. Nikaishusha mikono. Helikopta ikanyanyuka.

Sajenti alirudi na mpira mkononi, akatazama mahali ndege ilipokuwa, akaniuliza iko wapi. Nilimwonyesha juu. Hakunitukana. Alikimbilia redio, lakini Kapteni alikuwa ameshaona taa nyekundu. Kifuniko kilikuwa kimeruka na oili yote inamwagika juu ya injini. Akaishusha kwenye shamba la ndengu, kwenye mteremko. Mguu mmoja wa helikopta ulivunjika, ikalala ubavu. Muuguzi alivunjika mkono juu ya kiwiko. Kapteni alipasuka paji la uso. Dawa zilifika kwa punda jioni, na muuguzi alitembea nazo mkono umefungwa kwa leso, maana alikataa kuziachia. Watoto walipona. Nakutajia hilo usije ukalala na wasiwasi.

Likaja baraza la uchunguzi. Maofisa watatu nyuma ya meza, mmoja anaandika. Nilikuwa nimekesha nikipanga maneno yangu, na niliyapanga vizuri. Nikawaambia nilivyoulizwa na nilivyojibu. Nikawaeleza na mambo ya ndiyo, kama nilivyokueleza wewe. Mwenyekiti, mtu wa pwani anayekijua Kiswahili chake, akaitikia kwa kichwa na kusema askari huyu amejibu sawasawa. Akamgeukia Kapteni.

Kapteni angeweza kusema aliambiwa kimefungwa. Kapteni na askari wa darasa la tano, wangemwamini nani? Ningerudi Mikinduri wiki hiyo hiyo. Lakini alisema, "Alijibu hivyo. Swali langu lilikuwa baya, na sikuinama kuangalia mwenyewe. Ni kosa langu."

Mwenyekiti akaniuliza kama nina jambo jingine la kuongeza. Nikasema sina.

Neno hilo ndilo ninalotubu mpaka leo. Yale niliyosema yote yalikuwa kweli, lakini nililoliacha ndilo lililokuwa na uzito.

Mimi nilibaki kazini, hata baadaye nikapewa mistari miwili ya koplo. Yeye waliandika jambo kwenye faili lake. Orodha ya mameja ikatoka, jina lake halimo. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine, halimo. Ya tatu ilitoka na jina la yule luteni aliyeniita Zimamoto, ambaye alikuwa ameshakuwa kapteni, akapita kuwa meja, na Ireri akawa anampigia saluti. Nilimwona akiipiga. Aliipiga vizuri, mkono umenyooka, kama anavyostahili meja yeyote.

Hakunibadilikia hata kidogo. Alibadilisha kitu kimoja tu. Hakuuliza tena maswali ya kukanusha, ya hakija wala haija. Alisimama mbele ya fundi akataja kitu kimoja, "Kifuniko." Nawe unaweka mkono juu yake na kusema, "Kimefungwa, nimekifunga mimi." Ukisema ndiyo, anarudia kutaja mpaka useme jambo lenyewe. Marubani vijana waliiita katekisimu ya Ireri, kama yale maswali na majibu ya kanisani, wakamwigiza kwenye kantini. Alijua wanamwigiza, na hakuiacha.

Siku moja, baada ya ile orodha ya tatu, nilikuwa zamu kwenye helikopta yake. Nikasema katekisimu yote mkono wangu ukiwa pale panapotakiwa. Hakupanda. Alinitazama akasema, "Mwirichia, siku ile mezani hukudanganya."

Nikasema asante, afande.

"Sijakushukuru. Mikono yako ilifika hapa." Akajigusa kifua. "Halafu ukaishusha. Nilidhani unajikuna. Nimengoja miaka mitatu uniambie ulitaka kufanya nini."

Ningeweza kusema nilikuwa najikuna. Jibu alikuwa ameshanipa yeye mwenyewe. Nikamwambia nilitaka kumsimamisha.

"Mbona hukunisimamisha?"

"Niliogopa kuchekwa, afande."

Akasema bila kupandisha sauti, "Muuguzi alivunjika mkono kwa sababu wewe uliogopa kuchekwa, na kwa sababu mimi nilikuwa na haraka nikaona kuinama ni kazi. Yangu niliisema." Akapanda, akawasha, akaenda kufanya kazi yake. Mimi nilibaki kwenye vumbi la mapanga.

Nimewahi kutukanwa na watu wengi, Mwanangu, na wengine nimewarudishia kwa ngumi. Maneno yale yalinisukuma kwenda. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa kambi. Nikamweleza yote, kuhusu mikono, kuhusu luteni, na kuhusu lile sina nililosema mezani. Aliniuliza kwa nini nimechagua leo. Nikamwambia sikuchagua, nimeulizwa. Akaandika ukurasa mmoja, akauweka kwenye faili. Akanivua mistari yangu miwili papo hapo, na alikuwa na haki. Kuhusu Kapteni Ireri, aliniambia ukurasa huu utasaidia mbele, lakini orodha zilizopita zimepita.

Na ilikuwa hivyo. Mwaka uliofuata akawa meja. Akapewa kikosi cha helikopta akakiongoza miaka mingi, akaokoa watu juu ya mapaa wakati wa mafuriko, akashusha wagonjwa kutoka milimani ambako hata nyumbu anafikiria mara mbili. Akapelekwa kufundisha marubani, na ile katekisimu iliyochekwa kantini ikawa amri ya kikosi kizima. Kanali, halafu brigedia, na ofisi makao makuu yenye zulia. Mimi nilikuwa nimeshatoka jeshini zamani, lakini kila cheo kilipokuja nilisikia, maana alinipigia mwenyewe, aniulize kama Wameru bado wanatafuna kuni. Alistaafu akiwa brigedia. Wanaojua mambo ya vyeo vya jeshi wananiambia umri wa kustaafu ulimkuta bado ngazi moja mbele yake, na ile miaka mitatu ingemtosha kuipanda. Yule luteni aliipanda.

Alipostaafu alifanya ibada ya shukrani kwao, kule chini Embu. Nilikwenda na ndizi na viazi, na kibunda cha miraa safi kwa ajili ya uchokozi. Viti vilijaa mpaka nje ya uzio. Baada ya mahubiri wakaja wasemaji, na mmoja wao alikuwa mwanasiasa. Huyo akashika kipaza sauti akasema Brigedia alicheleweshwa makusudi. Akasema kuna jamii hazitaki kuona mtu wa Embu juu, wakamkalia mtoto wetu miaka mitatu kwenye ukapteni, na wote tunawajua ni akina nani. Watu wakapiga makofi. Wazee walitikisa vichwa kwa uchungu. Karibu yangu kijana mmoja alianza kuitaja hiyo jamii kwa jina. Nilimtazama Brigedia. Alikuwa ameshaanza kuinuka kitini, nikajua anataka kuibeba lawama tena, na magoti yake si ya zamani.

Sikuwa kwenye ratiba. Nikaenda mbele nikaomba kipaza sauti, na mwanasiasa akanipa akidhani nakuja kumuunga mkono. Nikawaambia hakuna jamii yoyote. Aliyemchelewesha ni mimi, mtu wa Muthara, na huyo hapo ananijua. Nikaeleza yote kwa Kiswahili changu cha gereji, mbele ya watoto wake na wajukuu wake. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanasiasa alikuwa anatazama simu yake.

Brigedia alirudi kukaa kitini. Aliniita nikakae karibu naye, akaniambia nile kabla nyama haijapoa, akaniuliza habari za ng'ombe. Mkewe, Mama Wanja, ndiye aliyenijia. Alisema, "Miaka yote ametuambia alikosa yeye. Mimi nilimlaumu. Nilimwambia ni mzembe." Nilinyoosha mkono kumuaga na hakuupokea. Mpaka leo salamu zake hazijafika Muthara, na sizidai.

Sasa unaelewa kwa nini simpigii simu kukuombea nafasi. Angepokea, na pengine angesaidia. Lakini jina langu kwake si la kukutangulizia mlangoni. Nenda kiwanjani ukakimbie kama nilivyokimbia mimi.

Ninachoweza kukupa ni hiki, na ukishike uwe jeshini au kwenye kibanda cha kuuza nyanya. Kusema kweli hakutoshi. Ukishasema, tazama kama yule uliyemwambia amesikia ulichosema, na ukiona ameshika kingine, msimamishe hapo hapo, awe mkubwa wako, awe mchungaji wako, awe mimi mzee wako. Akikukaripia, kubali kukaripiwa. Wakikucheka, wacha wacheke, kicheko hakimvunji mtu mkono. Usiwaze kwamba mtu wa shule anajua anachokifanya kwa sababu ni wa shule. Na ukiulizwa kama una jambo la kuongeza, nalo unalo, liongeze siku hiyo hiyo. Mimi nililiongeza baada ya miaka mitatu, kwa mtu mmoja ofisini, na kwa watu wake nilichelewa zaidi. Msamaha wa Brigedia nilipata. Ile miaka haikurudi.

Basi nenda, Mwanangu. Mungu akupe wakubwa wanaouliza vizuri, na ukiwapata wanaouliza vibaya, akupe ujasiri wa kuwarudisha kwenye swali. Akulinde huko angani kama utafika, na hapa chini pia. Watakaokupenda wasilazimike kubeba lawama yako hata siku moja, na jina lako likitajwa mbele ya watu, usiwe na sababu ya kuinamisha kichwa.